Nilitia Sahihi Yangu kwenye Wazo la Pacha Wangu Asiyeona

Nina miaka thelathini na sita. Ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Kolwezi, nina mume na watoto watatu, na macho yangu yote mawili ni mazima. Hilo la macho nalitaja mapema kwa sababu dada yangu, niliyezaliwa naye siku moja, hakupata bahati hiyo.

Sisi ni mapacha. Babu yetu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akabaki huku, lakini mambo ya mapacha nyumbani kwetu yalifuatwa kama kule alikotoka. Anayezaliwa wa kwanza anaitwa Mbuyi. Anayemfuata anaitwa Kabanga. Mimi ndiye Kabanga, na ingawa Mbuyi alinitangulia kwa dakika chache tu, namwita yaya, kwa heshima ya dada mkubwa. Mama naye jina lake la ubatizo lilisahaulika siku tuliyozaliwa. Mtaa mzima unamwita Mwambuyi, mama wa mapacha.

Kwetu pacha hapewi kitu peke yake. Mgeni akija na gauni moja alirudishwa nalo mpaka alete la pili. Hata ndizi ilikatwa katikati, na Mama alipima vipande kwa kidole ili vilingane. Nilikua nikijua kwamba chochote kilicho mkononi mwa Mbuyi ni changu pia, wala sina haja ya kuomba. Ndugu wasomaji, desturi hiyo ni nzuri... lakini mimi niliigeuza kichaka cha kujificha.

Mbuyi alianza kujigonga milangoni tukiwa darasa la sita. Walimu walidhani ni uzembe, wakamchapa. Baadaye sana tukaambiwa ni presha ya macho, ugonjwa unaokula macho polepole bila maumivu. Aliacha shule. Jicho la kulia likafa kabisa. La kushoto likabaki na kitu kidogo ambacho sisi wenye macho hatukijui thamani yake: mwanga. Alijua kama mlango uko wazi. Alijua mtu akipita mbele ya dirisha. Nikivaa blauzi nyeupe alinyoosha mkono, akanigusa begani bila kukosea, kisha akacheka.

Daktari alituambia wazi kwamba mwanga huo nao utazima asipofanyiwa upasuaji, na upasuaji huo haufanywi hapa Kolwezi. Hakusema ni lini. Alisema tu tusikae sana. Basi kila asubuhi Mbuyi alisimama mlangoni, akafumba jicho na kulifumbua, kuhakikisha kama mwanga bado upo. Mimi nilipita pembeni yake na daftari zangu, naharakisha shuleni.

Alikuwa akiishi kwenye chumba cha uani kwangu. Msimdhanie mtu wa kukaa akingoja kulishwa. Alikuwa anauza maharage na samaki wakavu mbele ya nyumba, na hakuna mteja aliyewahi kumpunja. Tatizo lilikuwa njia. Mtaani kwetu watu wanachimba madini hadi uani. Unaondoka asubuhi pako sawa, unarudi jioni kuna shimo limefunikwa turubai. Mbuyi alinusurika mara mbili. Mara ya pili ndala yake moja ilitumbukia, hatukuisikia ikifika chini.

Hapo ndipo alipolipata wazo lake. Mnaijua ile mikanda mirefu mizito ya mpira inayobeba mawe kwenye migodi? Ikichakaa watu wanaitoa kule mgodi wa Mashamba na kuiuza vipande, sisi tunaitandika mlangoni kuzuia matope. Mbuyi aliomba vipande, akavikata membamba, akavitandika ardhini kutoka chumbani kwake mpaka bombani kwa jirani, kisha mpaka barabarani. Fimbo ikigusa mpira inatoa mlio mwingine, na mguu unausikia. Kwenye ukingo mmoja alichonga alama kwa kisu. Mchongo mmoja, endelea. Miwili, pinda. Michongo mingi iliyobanana, simama, mbele kuna shimo.

Baada ya miezi michache vipofu wawili wa mtaa wa pili walikuwa wanakuja kwetu kuteka maji kwa kufuata mipira yake. Mimi niliiona ile mipira kila siku. Nilikuwa najikwaa juu yake na kulalamika.

Kisha likaja lile shindano.

Shirika moja linalofanya utafiti wa macho lilitangaza kwamba linatafuta mawazo kutoka kwa watu wa kawaida, yeyote yule, ya kuendeleza utafiti na kuwasaidia wasioona. Si lazima uwe daktari. Unajaza fomu kwenye simu, unaeleza wazo lako, wananchi wanapiga kura, halafu wataalamu wanachagua. Mshindi angefanya kazi na watafiti wao mpaka wazo litengenezwe na kupelekwa miji mingine. Mkuu wa shule alitusomea tangazo hilo, na mimi moja kwa moja nikawaza mipira ya Mbuyi.

Nilimwambia. Alifurahi mpaka akaacha maharage yake yakaungua. Akaniambia, "Andika weye, uko na masomo. Miye mukono yangu inayua kisu tu."

Nikaketi na simu. Fomu iliuliza jina la mwenye wazo. Haki ya Mungu, kidole changu kiliandika M... kikasimama. Fomu ilitaka kitambulisho, na cha Mbuyi kilikuwa kimepotea. Ilitaka kiwango cha elimu, na yeye aliishia darasa la sita. Ilitaka mtu wa kuongea Kifaransa na wataalamu. Nikajiambia, cha Mbuyi si ni changu? Tangu lini tukatenganishwa? Nikafuta ile M, nikaandika jina langu, nikaweka alama mahali palipoandikwa kwamba naapa kwa heshima yangu wazo hili ni langu mwenyewe.

Mbuyi alikuwa ameketi mbele yangu. Aliniuliza, "Umeandika muzuri jina yangu?" Nikasema ndiyo, yaya.

Mnaona jinsi inavyoanza? Neno moja tu, lisilo na sauti kubwa.

Kura zilifunguliwa. Wazazi wa wanafunzi walinipigia kura. Wanakwaya walinipigia kura. Padri alinisimamisha kanisani, akasema Kolwezi ina akili, watu wakapiga makofi. Mbuyi alikuwa kando yangu, naye akapiga makofi kwa nguvu zote. Tulipotoka aliniuliza mbona padri hakumtaja. Nikasema alisahau, si unajua uzee.

Mwezi wa pili wataalamu walinihoji kwa simu ya video. Aliyeongoza ni mama mmoja mpole, Madame Solange. Aliniuliza swali dogo sana: kwa nini alama zimechongwa ukingo mmoja tu wa mpira? Sikuwahi kujiuliza! Nikajibu kwamba ni kupunguza kazi. Aliandika kitu.

Kisha akaniambia maneno ambayo ndiyo gereza langu mpaka leo. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba shirika lao lina madaktari, na mshiriki aliye na ulemavu wa macho akifika fainali wanampima na kumtibu, hata upasuaji. Akatabasamu. Akasema mimi nashukuru Mungu sina haja hiyo.

Wasomaji wenzangu, mlango ulikuwa wazi! Ningesema, Madame, nisamehe, mwenye wazo ni dada yangu, ni kipofu, jicho lake la kushoto bado lina mwanga. Sentensi moja. Mimi nafundisha watoto sentensi kila siku, hiyo moja ikanishinda. Niliikumbuka ile ahadi niliyoiwekea alama, na chini yake iliandikwa kwamba anayedanganya anaondolewa, yeye na wazo lake. Nikaona darasa, padri, wanakwaya. Nikasema, "Merci, Madame."

Jioni ile nilimwendea Mbuyi kama mtu anayepiga soga tu, nikamuuliza habari ya ule ukingo mmoja. Alifurahi kuulizwa, maskini. Akanishika mkono akaupitisha kwenye mpira.

"Mudogo yangu, ukitoka ku nyumba bialama biko kushoto. Mutu akikusukuma ukazunguluka, unagusa. Ukisikia biko kuume, unayua kama unarudia ku nyumba. Njo vile tu."

Kesho yake nikamwandikia Madame Solange jibu hilo kama langu. Alivutiwa sana. Kuanzia hapo ikawa mchezo wetu... wao wananiuliza, mimi namuuliza Mbuyi kwa ujanja, narudi kujibu. Nilimkamua dada yangu kama mbuzi, naye alidhani nimeanza kumpenda zaidi.

Nilishinda. Nilipata cheti chenye jina langu kwa herufi kubwa, nikamwambia Mbuyi jina lililoandikwa ni lake. Nikiwa bado nakenua meno, niliandika kuomba kwamba dada yangu kipofu apimwe macho. Nilijua nilichokuwa nakifanya, nilitaka kuingilia dirishani baada ya kuufunga mlango kwa mkono wangu. Wakanijibu kwa upole kwamba nafasi hizo ni za washiriki wenyewe, jamaa zao wanaandikwa kwenye orodha ya kungoja, na orodha ni ndefu.

Sasa nikawa nimebanwa pande zote. Nikisema ukweli, wazo linafutwa, na Mbuyi anapoteza pamoja nami. Nikinyamaza, jicho linazima. Nikamweleza mume wangu. Akajikuna kidevu akaniambia, "Ukisema sasa batakuchekelea mu shule, na yaya hatapata kitu. Ngoja kwanza." Nikangoja. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha. Mtu aliyebanwa anaweza kukaa na mateso yake mpaka akayazoea, akayaita subira.

Niliacha kuvaa blauzi nyeupe. Siku moja niliivaa kwa kusahau, nikapita mbele ya Mbuyi, mkono wake ukainuka ukagusa hewa. Niliona. Nikapita kimya kimya kama sijaona. Nani atanisamehe hilo?

Mwezi wa saba redio ya hapa mjini iliniita kwenye kipindi cha asubuhi. Mbuyi ana redio ndogo, haachani nayo, ndiyo dirisha lake. Asubuhi ile, kabla sijaenda studio, niliingia chumbani kwake akiwa bombani nikatoa betri, nikazitia kwenye mkoba wangu. Naandika haya uso unaniwaka. Mwanamke mzima, mwalimu, naiba betri za redio ya kipofu...

Kule studio mtangazaji aliniuliza wazo lilitoka wapi. Nilikuwa nimejiandaa kusema kidogo, nikajikuta nasema sana. Nilisema nina dada asiyeona aliyekuwa ameketi ndani siku zote, hawezi hata kwenda kuteka maji, nikamhurumia, nikakaa nikafikiri, nikamtandikia njia. Mtangazaji akauliza kama ni kweli shirika hilo linatibu macho ya washindi wasioona. Nikacheka kidogo. Nikasema ndiyo, lakini safari hii mshindi ni mwenye macho.

Nilisahau kwamba ukuta wetu na wa Mama Kapinga, jirani, ni wa bati tu, na redio ya Mama Kapinga haijui kuongea polepole.

Niliporudi Mbuyi alikuwa ameketi mlangoni pake, redio yake mapajani. Hakuinua uso. Nilimsalimia, akaitikia. Nikauliza kama amekula, akasema amekula. Halafu akaanza, bila kupandisha sauti.

"Nilisikia redio ya Mama Kapinga. Ulisema minaikalaka mu nyumba siku yote, mpaka weye ukanifungulia njia."

Niliukumbatia mkoba wangu, betri zake zikiwa bado ndani.

"Na ile mambo ya kutunza macho. Ulijua tangu wakati gani?"

"Tangu mwezi ya pili, yaya."

"Leo ni mwezi ya ngapi?"

Nikamwambia ni wa saba. Niliona midomo yake ikihesabu. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kile kisu chake. Nitawaambia ukweli, niliogopa. Lakini alipiga magoti kwenye mpira wa kwanza, akaanza kuung'oa. Aling'oa vipande vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka bombani, mpaka barabarani, akavirundika mbele ya mlango wangu. Kisha akarudi chumbani kwake akipapasa ukuta, na hapo njiani alianguka mara moja. Nilikimbia kumshika. Aliondoa mkono wangu.

Ndipo nilipoandika. Niliandika kila kitu, M niliyoifuta, ukingo mmoja, betri. Niliandika bila kujitetea, kwa mara ya kwanza. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: ushindi umefutwa, na kwa kuwa maelezo yote yalipokelewa kwa udanganyifu, wazo halitaendelea mwaka huu. Shuleni walijua. Padri alijua. Wazazi walianza kunisalimia kwa mbali. Yale niliyoyaogopa miezi mitano yalinipata yote kwa wiki moja, na mnajua nini? Yalivumilika. Niliuza jicho la dada yangu kukwepa aibu ambayo kumbe mtu anaweza kuamka nayo, akanywa chai, akaenda kazini.

Mama aliniita. Nilijitetea kwa lile lile la zamani, kwamba mapacha hawagawanyiki, kwamba chake ni changu. Mwambuyi aliniinulia vidole viwili.

"Miye nilizala babili," alisema. "Nani alikuambia kama ni mutu moja?"

Madame Solange peke yake hakutugeuzia mgongo. Alituombea nafasi kwa daktari mmoja wa macho Lubumbashi, nje ya shindano, kwa huruma yake tu. Tulikwenda watatu, Mama, Mbuyi na mimi. Safari nzima Mbuyi aliketi upande wa Mama. Daktari alimulika tochi kwenye jicho la kushoto, akauliza anaona nini. Mbuyi akasema haoni kitu. Akaisogeza tochi karibu kabisa. Akauliza tena. Mbuyi akasema, kwa adabu, kama anaomba radhi kumsumbua daktari, kwamba mwanga ulizima wiki sita zilizopita, asubuhi moja aliposimama mlangoni. Hakumwambia mtu.

Wiki sita. Nilihesabu mle mle chumbani. Mwezi wa pili mwanga ulikuwepo. Wa tatu ulikuwepo. Wa nne, wa tano... Daktari alisema asingeweza kuahidi chochote, lakini kama angeletwa mwanzoni mwa mwaka angejaribu, na wengi aliowajaribu katika hali ile mwanga wao ulibaki. Kisha akazima tochi, akaandika.

Mbuyi amehamia kwa Mama. Anafanya kazi na chama cha wasioona, anawafundisha kuchonga mipira, na mtaa wa kule umeshatandikwa mpaka sokoni. Nasikia wataliwasilisha wazo tena shindano likifunguliwa, kwa jina lake, na safari hii atakayemwandikia ni binti wa Mama Kapinga. Mimi sikuulizwa, na sistahili kuulizwa.

Naenda kumwona kila Jumapili. Hanifukuzi. Anauliza habari za watoto, anauliza kama mvua imeharibu paa. Ila haniiti tena Kabanga, wala mdogo wake. Nikiingia anageuza kichwa, ananisikiliza hatua, anazijua vizuri tu, halafu ananiambia, "Karibu, Madame." Kama anavyowaambia wateja.

Ndugu wasomaji, siandiki ili mnihurumie. Naandika kwa sababu najua wako wengine huko mliko wanaoshika kalamu kwa niaba ya mtu asiyeona, asiyesoma, asiyesikia. Mshikieni kalamu, lakini andikeni jina lake. Msomeeni kila mstari, hata ule mnaodhani haumhusu. Na kama tayari umekwisha kuandika lako, na sasa unangoja wakati mzuri wa kusema ukweli... weka chini gazeti hili, nenda ukaseme leo. Mimi niliutafuta wakati mzuri kwa miezi mitano, na jicho la yaya lilikuwa linazima.